Adapta ya USB ya kunasa logi za kerneli: ipi ununue, ipi uiache

Kerneli (kiini cha mfumo endeshi, hapa Linux) inapopaniki, yaani inapokutana na kosa isiloweza kuendelea nalo, mistari unayoihitaji kuliko yote ndiyo ambayo haifiki kwenye diski. Skrini imeganda, SSH (muunganisho wa mbali) imekatika, na ukiwasha tena, amri ya `journalctl` inakuonyesha logi iliyoishia sekunde chache kabla ya tukio lenyewe. Poti ya siriali, inayotuma data biti moja moja kwenye waya, inakuokoa hapo. Kerneli huandika humo herufi baada ya herufi bila kupitia mtandao wala mfumo wa faili, na mara nyingi hiyo ndiyo sauti ya mwisho kutoka kwenye mashine. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina poti hiyo, kwa hiyo ili uisikie sauti hiyo utanunua adapta ya USB.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja: je, mstari wa mwisho kabla ya mashine kufa utafika salama?

Kwanza hakikisha adapta unaichomeka upande gani. Inakaa kwenye kompyuta inayorekodi. Linux hukubali kigezo cha kuwashia `console=ttyUSB0` kwenye mashine inayochunguzwa, lakini hapo kila herufi inategemea mfumo mzima wa USB uwe hai, na huenda huo ndio umeshakufa. Mashine inayochunguzwa itumie UART (saketi ya siriali) yake halisi: pini tatu kwenye bodi (GND ya ardhi, TX ya kutuma, RX ya kupokea), au poti ya pini 9 nyuma ya seva.

Volti kabla ya chipu

Poti ya pini 9 hutumia RS-232, ambayo ishara zake zinaweza kufika volti 15 chanya na hasi. Pini za bodi kama Raspberry Pi hutumia volti 3.3 na hazivumilii hata volti 5. Bodi nyingine hutumia 1.8. Ukikosea hapa, hakuna logi itakayokusaidia, bodi yenyewe imeungua.

Moduli nyingi za bei ya chini zina jampa iliyoandikwa 3.3V na 5V. Usiyaamini maandishi hayo kabla hujapima. Kwenye baadhi, jampa hubadilisha umeme wa pini ya VCC (ya kutolea umeme) tu, na ishara ya TX inabaki ilivyokuwa. Chomeka moduli peke yake kwenye USB, weka multimita kati ya GND na TX. Laini ya aina hii isipotuma kitu hukaa juu, kwa hiyo utasoma volti halisi ya ishara. Mimi niliwahi kusoma 4.9 wakati jampa ilikuwa kwenye 3.3, na moduli ile sikuigusa tena.

Ya kwanza: kebo yenye FT232R halisi, ya volti 3.3

FT232R ni chipu ya kampuni ya FTDI inayogeuza USB kuwa siriali. Kama unanunua moja tu, nunua hii. Kila kebo ina namba yake ya pekee, kwa hiyo jina lake ndani ya `/dev/serial/by-id/` halibadiliki hata ukihamisha soketi. Kwa anayerekodi bodi mbili usiku kucha, hilo linamwepusha kuchanganya logi za mashine mbili tofauti.

Sababu kubwa zaidi ni break, ishara ya kushikilia laini chini kwa muda mrefu kuliko herufi ya kawaida. Kerneli ikiganda bila kupaniki, unatuma break kupitia siriali, kisha ndani ya sekunde 5 unabonyeza herufi ya SysRq (amri za dharura za kerneli): `w` ikuonyeshe kazi zilizokwama, `t` kazi zote, `l` kinachoendelea kwenye kila CPU inayofanya kazi. Mara nyingi `w` peke yake imenionyesha kufuli lililoshikiliwa na nani. Adapta isiyotuma break vizuri inakunyima haya yote, na unakuja kugundua siku ile unayoyahitaji.

Kwenye kebo ya FTDI ya 3.3, waya mweusi ni GND, wa chungwa ni TXD, wa njano ni RXD. Wa njano unaenda kwenye TX ya bodi, wa chungwa kwenye RX. Mwekundu uache ukining'inia, na ufunge ncha yake kwa utepe: unatoa volti 5 hata kama ishara ni 3.3.

Kuna mtego wa chipu bandia. Mwaka 2014 dreva ya FTDI kwenye Windows ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa sifuri, na adapta za watu zikaacha kutambulika. Nunua kwa msambazaji wa vipuri vya elektroniki anayejulikana, hata kama bei ni kubwa mara kadhaa.

Ya pili: moduli ya CP2102N

Karibu inalingana na ya kwanza, kwa bei ndogo, na ishara zake ni 3.3. Angalia herufi N mwishoni. CP2102 ya zamani ni nzuri pia, ila moduli nyingi hutoka kiwandani zote zikiwa na namba ile ile, 0001, kwa hiyo mbili zikichomekwa pamoja zinagombania jina moja. Hapo tumia `/dev/serial/by-path/` na usihamishe soketi.

Ya tatu: FT4232H

Ni kwa mwenye bodi nyingi mezani. USB moja, laini nne. Kwa mtu mwenye bodi moja ni matumizi mabaya ya pesa.

Ya nne: CH340

Ipo kila mahali na inafanya kazi. Inafaa kusoma `dmesg` (ujumbe wa kerneli) wakati wa kuwasha. Lakini nyingi hazina namba ya pekee, na baadhi ya matoleo hayawezi kutuma break halisi, ikabidi dreva ya Linux iiige. Iweke akiba. PL2303 siishauri kabisa, kwa sababu dreva mpya za Windows hukataa matoleo yake ya zamani, na sokoni ni vigumu kujua unapewa lipi.

Kwa seva, tafuta adapta ya RS-232 yenye FT232R ndani na kebo ya null modem (inayovusha TX ya upande mmoja hadi RX ya mwingine). Kwa laptopu isiyo na UART, kuna kebo maalumu ya USB 3 ya kudibagi, yenye kichwa cha aina ya A pande zote mbili na waya wa umeme umekatwa, inayotumika na kigezo cha kerneli `earlyprintk=xdbc`. Usitumie kebo ya kawaida ya A kwa A, itaunganisha umeme wa kompyuta mbili.

Usilipie kasi usiyoweza kuitumia

Matangazo husema megabaudi 3, yaani biti milioni 3 kwa sekunde. UART ya kawaida ya PC huishia 115200, yaani baiti 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 huchukua kama milisekunde 7, na CPU inayouandika inaweza kukwama ikisubiri. Ndiyo maana ukijaza `printk` (amri ya kerneli ya kuandika logi) kwenye kishughulikia cha interapti, hitilafu inayotegemea mpangilio wa muda hutoweka: umebadilisha muda wenyewe. Tumia `trace_printk`, ambayo huandika kwenye bafa ya ftrace (chombo cha kerneli cha kufuatilia matukio) ndani ya RAM, na uweke `ftrace_dump_on_oops` ili bafa imwagwe kwenye siriali mashine inapoanguka. Megabaiti moja ya maandishi itachukua dakika moja na nusu kupita, kwa hiyo punguza bafa kwa `trace_buf_size` kabla hujaanza. Kwenye bodi inayokubali 921600, muda huo unashuka hadi sekunde 11 hivi, na hapo ndipo adapta ya kasi ina maana.

Ikifika, ijaribu

Pima TX. Unganisha TX na RX za adapta yenyewe, fungua picocom (programu ya kuwasiliana kwa siriali), uone herufi unazoandika zinarudi. Kisha iunganishe na bodi, tuma break na `h`, usubiri orodha ya amri za SysRq. Mwisho zima bodi huku adapta ikiwa imechomekwa: taa ikibaki inawaka hafifu, TX inaipa bodi umeme na haitazimika kikamilifu, kwa hiyo chomoa waya wa TX kila unapozima, au ununue kitenganishi cha umeme cha kuweka katikati.