Mashindano ya zawadi mtandaoni: uzoefu wangu wa kuyachuja kabla ya kujaza fomu

Nashiriki mashindano ya zawadi mtandaoni kila wiki, kwa utaratibu na kwa muda niliojipangia. Hapa natathmini huduma yenyewe pamoja na zana ninazotumia kuichuja. Mashindano ya kweli yapo, ni mengi, na kuyashiriki ni bure au karibu na bure. Tatizo ni kwamba tapeli naye huvaa nguo zile zile: nembo, rangi za kampuni, picha ya mshindi ameshika hundi kubwa kama mlango. Kwa hiyo muonekano wa tangazo siupi alama hata moja. Naangalia kama shindano lina nyayo zozote nje ya ujumbe ulionifikia. Kampuni inayotoa zawadi kweli inatangaza, maana ndiyo faida yake. Tapeli anataka ujue wewe peke yako, na uamue sasa hivi.

Zana ya kwanza ni macho, na inachukua sekunde kumi. Anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia. Ruka zile // za mwanzo, tafuta mkwaju (/) unaofuata, kisha rudi kushoto kwake: maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo mwenye nyumba. Tuseme kampuni ina tovuti yake, kampuni.com. Basi zawadi.kampuni.com ni chumba ndani ya nyumba hiyo hiyo. Lakini kampuni.com.zawadi-bure.xyz ni nyumba ya zawadi-bure.xyz, na lile neno "kampuni" limebandikwa mbele kama kibao cha kuazima. Kwa anwani zinazoishia na sehemu mbili, kama .co.ke au .co.uk, hesabu maneno matatu badala ya mawili. Angalia pia herufi zinazofanana: rn zikikaa pamoja husomeka kama m, na I kubwa haitofautiani na l ndogo kwenye simu nyingi. Mimi nanakili jina, nalibandika kwenye daftari la simu na kukuza maandishi.

Alama ya kufuli niliacha kuihesabu kabisa. Inasema tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefungwa. Haisemi aliye upande wa pili ni nani. Shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa bure vyeti vinavyoleta kufuli hiyo tangu 2015, na tapeli anavipata kama mtu mwingine yeyote. Chrome yenyewe iliondoa ile kufuli kwenye sehemu ya anwani mwaka 2023, kwa sababu watu wengi waliielewa kuwa alama ya uaminifu. Viungo vilivyofupishwa navyo sivibonyezi hivi hivi. Kile cha bit.ly ukikiongezea alama ya + mwishoni, kinakuonyesha kinakoelekea kabla hujafika.

Zana ninayoipa alama nne kati ya tano ni lookup.icann.org, inayoonyesha kumbukumbu za usajili wa majina ya tovuti. Ni bure na haitaki kujisajili. Andika jina la tovuti, kisha tafuta tarehe ya kusajiliwa. Jina la mmiliki mara nyingi limefichwa kwa ajili ya faragha, na hilo si kosa. Tarehe ndiyo yenye uzito. Kampuni inayodai ina miaka ishirini sokoni, halafu tovuti ya shindano imesajiliwa wiki mbili zilizopita kwa jina lisilo lake, mimi naishia hapo. Alama moja nimeipunguza kwa sababu majina mengi ya tovuti yanayoishia na kifupi cha nchi hayaonekani pale, inabidi uende kwa msajili wa nchi husika, na kwa sababu matapeli wengine hununua jina la zamani lililoachwa na mwenyewe. Kwa hao nafungua web.archive.org, ghala la nakala za zamani za tovuti, na kutazama tovuti ilikuwa inafanya nini mwaka jana. Ikiwa ilikuwa ya mapishi, na leo inagawa simu za bei kubwa, jibu limeshapatikana.

Mitandao ya kijamii inahitaji macho ya aina nyingine. Kwenye Facebook, ingia sehemu ya maelezo ya ukurasa, fungua uwazi wa ukurasa (Page transparency): utaona tarehe ulipoanzishwa, majina uliyowahi kuwa nayo, na mara nyingi nchi wanakokaa wanaouendesha. Ukurasa wa "kampuni kubwa" wenye siku tisa na majina matatu ya zamani haufai kupewa hata jina lako. Kuna pia kanuni ambayo washiriki wengi hawaijui: Facebook hairuhusu mashindano yanayokulazimisha kushea kwenye ukuta wako binafsi au wa rafiki ili uhesabiwe, na inamtaka mwandaaji aseme wazi kwamba shindano halifadhiliwi wala kuendeshwa na Facebook. Mwandaaji mwenye idara ya sheria huandika sentensi hiyo. Anayesema "shea kwenye makundi kumi kisha andika NIMEMALIZA" hajawahi kuisoma, au hajali. Tiki ya bluu inasaidia kidogo tu, kwa sababu unaweza kuilipia: kwenye X (zamani Twitter) tangu 2022, na kwenye huduma za Meta, kama Facebook na Instagram, tangu 2023.

Utapeli unaonasa hata watu makini hukaa pembeni ya shindano la kweli. Kampuni halali inatangaza droo, watu wanaandika maoni chini yake, na majina yao yanabaki wazi kwa kila mtu. Tapeli anafungua akaunti yenye picha ile ile, anaongeza mstari wa chini au nukta kwenye jina, kisha anapita kwa mmoja mmoja: "Hongera, umechaguliwa, bonyeza kiungo kwenye profaili yetu kuthibitisha." Umeshiriki kweli, kampuni ipo kweli, shindano lipo kweli, uongo ni ile akaunti tu. Dawa yake ni kutojibu ndani ya ujumbe huo. Toka, nenda mwenyewe kwenye tangazo la mwanzo, bonyeza jina la aliyeliweka, na ulinganishe na jina la aliyekuandikia, herufi kwa herufi. Tazama idadi ya machapisho na wafuasi. Kisha iandikie akaunti ya mwanzo na uulize. Mwandaaji halisi hakasiriki ukimhakiki. Anayekwambia "usiulize, zawadi itaenda kwa mwingine" amejitaja mwenyewe.

Ule ukurasa wa masanduku unaosambaa WhatsApp nao unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana umetengenezwa kwa ustadi. Unaanza na maswali matatu au manne mepesi: una umri gani, unaifahamu kampuni hii, unaionaje huduma yake. Majibu hayabadilishi chochote. Kisha yanakuja masanduku na nafasi tatu za kubahatisha. La kwanza ni tupu, la pili au la tatu lina simu mpya. Hapo chini kuna maoni ya washindi, kila mmoja na "dakika 4 zilizopita". Fanya jaribio ukiwa hujajaza kitu: pakia ukurasa upya. Saa ya kuhesabu inarudi ilipoanzia, idadi ya zawadi zilizobaki inarudi ile ile, na yule wa dakika 4 bado ni wa dakika 4. Bonyeza "penda" kwenye maoni. Hakiendi kitu kokote, maana maoni hayo yameandikwa ndani ya ukurasa kama picha ukutani. Baada ya hapo unaambiwa utume kwa watu ishirini au makundi matano, na mstari wa kijani unajaa kila ukituma. Huo ndio mshahara wa kwanza wa tapeli: wewe umemsambazia, na aliyepokea ameamini kwa sababu limetoka kwako. Mwishoni kunakuwa na programu ya kupakua, usajili wa meseji zinazokata salio, au fomu ya kadi ya benki.

Vigezo na masharti ndipo shindano la kweli linapojitambulisha, na ndipo watu wanaporuka. Mimi nasoma nikitafuta mambo mahususi: jina kamili la kisheria la mwandaaji na anwani yake, tarehe na saa ya kufunga, nani anaruhusiwa kwa umri na kwa nchi, zawadi ngapi na za aina gani, mshindi anapatikanaje, atajulishwa kwa njia ipi na ana siku ngapi za kujibu, jina lake litatangazwa wapi. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za matangazo zinataka zawadi itolewe kwa kawaida ndani ya siku 30. Tangazo lisilo na tarehe ya kufunga halina mwisho, na lisilo na mwisho halina mshindi. Kisha chukua sentensi moja ndefu kutoka kwenye masharti hayo, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute Google. Masharti ya kuiba hujitokeza kwenye tovuti nyingine, na mara nyingine jina la kampuni iliyoibiwa limebaki katikati ya aya. Picha ya zawadi nayo ipitishe TinEye au Google Lens, zana za kutafuta picha ilikowahi kutokea mtandaoni. Gari la "mshindi wetu" likionekana kwenye tangazo la mauzo la miaka mitatu nyuma, funga ukurasa.

Suala la pesa halina mjadala kwangu. Shindano linalosema umeshinda kisha linadai ulipe usafirishaji, bima, ushuru au "ada ya kufungua faili" ni utapeli, hata kiasi kiwe kidogo namna gani. Kodi ya zawadi ipo katika nchi nyingi, lakini hulipwa kwa mamlaka ya kodi au hukatwa na mwandaaji kwa utaratibu unaojulikana. Haitumwi kwa namba ya mtu binafsi. Malipo kwa kadi za zawadi au sarafu za mtandaoni yanapendwa na matapeli kwa sababu hayarudishiki. Na ile ada ndogo ya usafirishaji inayolipwa kwa kadi ya benki ina mtego wake: maandishi madogo chini ya kitufe yanakusajili kwenye huduma inayokata kila mwezi. Tapeli hahitaji ile ada. Anahitaji namba za kadi.

Taarifa zinaenda kwa kipimo. Wakati wa kushiriki, jina, barua pepe na labda simu vinatosha. Kitambulisho kinaweza kuombwa baada ya ushindi wa zawadi kubwa, na mimi natuma baada tu ya kuwasiliana na kampuni kwa anwani niliyoipata mwenyewe kwenye tovuti yake. Nenosiri, namba ya siri ya benki na tarakimu zinazoingia kwa meseji havitoki kwa yeyote. Zile tarakimu sita za WhatsApp ndizo zinazohamisha akaunti yako kwenda kwenye simu nyingine. Na ukiletewa msimbo wa herufi nane uuingize kwenye WhatsApp yako ili "kuthibitisha ushindi", unaunganisha kompyuta ya tapeli na mazungumzo yako yote.

Kuna kundi la katikati ambalo silipendekezi ingawa si wizi. Ni mashindano halali yanayoishi kwa kukusanya mawasiliano. Zawadi ni moja, washiriki ni maelfu kwa maelfu, na kisanduku cha "nakubali kupokea taarifa kutoka kwa washirika wetu" kimeshatikiwa kabla hujafika. Toa tiki. Kama fomu inakataa kwenda bila hiyo, iache.

Zana mbili za mwisho nazipa alama tano. Moja ni daftari: jina la shindano, akaunti au tovuti, tarehe niliyoshiriki, tarehe ya kufunga. Ujumbe wa "umeshinda" ukija, nafungua daftari kabla ya kiungo. Haupo kwenye orodha, unafutwa. Nyingine ni barua pepe ya mashindano tu. Gmail inakubali alama ya + baada ya jina, mfano jina+shindano3@gmail.com, na barua zote zinaingia sanduku lile lile; ukianza kupata takataka kupitia anwani hiyo, unajua nani ameuza. Ukifungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza kimshale kidogo chini ya jina la mtumaji: inaonyesha barua imetiwa saini na tovuti ipi. Isiposomeka tovuti ya mwandaaji, huenda kampuni inatumia huduma ya kutuma barua kwa wingi, kwa hiyo hakiki kwanza kwenye tovuti yao.

Kama umeshatoa taarifa, anza na benki ili wafunge kadi, kisha badilisha nenosiri, halafu ingia WhatsApp kwenye vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovitambua. Piga picha za skrini za mazungumzo kabla hujamblokisha, kwa ajili ya polisi na benki. Siku chache baadaye anaweza kuja mtu mwingine, mara nyingi akijiita wakili au mtaalamu wa mtandao, anayedai anaweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo ya kuanzia. Namba yako ameipata kwa yule wa kwanza, au ni yule yule wa kwanza.