Review-tools: kikaguzi kimoja kwa matoleo yote ya Ubuntu

Habari zenu wadau, karibuni sana. Leo tunaangalia review-tools, kikaguzi cha Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Ukishaifunga programu yako kama snap, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji, unakipa faili nacho kinalichungulia ndani: ruhusa ulizoomba, mafaili yaliyomo, maelezo ya kwenye snap.yaml, faili linaloitambulisha snap. Na Snap Store yenyewe, duka la snap, inatumia kikaguzi hichohicho kuamua unachopakia kipite au kizuiwe.

Sasa sikilizeni, maana utamu wote uko hapa. Kanuni za duka zinabadilika wakati wowote. Lakini toleo la Ubuntu likishatoka, vifurushi vyake vya deb, vile vya kawaida vya Ubuntu, kwa kawaida havipandi tena toleo, vinapata viraka tu. Kwa hiyo kikaguzi kilichokuja na toleo la zamani kinaweza kukwambia mambo safi, unapakia, duka linakataa. Halafu kuna suala la Python, lugha iliyotumika kukiandika kikaguzi. Ubuntu 16.04 ina Python 3.5, 20.04 ina 3.8, 24.04 ina 3.12. Kuandika programu moja ikubalike kote huko ni kazi inayokula muda ambao ungetumika kuboresha ukaguzi wenyewe.

Ndiyo maana kukifunga kikaguzi chenyewe kama snap naona ni uamuzi sahihi kabisa. Kinabeba maktaba zake na kinasimama juu ya msingi wake, yaani mfumo mdogo ambao snap inautegemea. Misingi ya snap ni kama core20, uliotokana na Ubuntu 20.04, au core22, uliotokana na 22.04. Kompyuta yako iwe na toleo lolote, msingi haubadiliki.

Haya, tazameni kwenye skrini. Naandika sudo snap install review-tools. Kimeingia. Sasa review-tools.snap-review, kisha jina la faili. Hili la kwanza: pass, yaani limepita. La pili ni programu ileile, ila kwenye snapcraft.yaml, faili la maelekezo ya kuitengeneza snap, nimebadilisha mstari mmoja tu, nimeweka confinement: classic. Mnaona? Limezuiwa, linahitaji kuombewa idhini. Na ni haki, kwa sababu snap ya classic haifungiwi, inafika popote unapofika wewe mwenyewe kwenye mfumo. Hilo nimelijua hapahapa, kabla sijamaliza bando kupakia.

Kasoro ipo, na inaudhi. Nahamishia faili hilohilo kwenye /tmp, folda ya vitu vya muda, naendesha tena: halionekani! Snap iliyofungiwa, kama kikaguzi hiki, ina /tmp yake ya peke yake, na folda za nyumbani zinazoanza na nukta haizisomi. Mtu mgeni atadhani kikaguzi kimeharibika. Weka faili lako kwenye folda ya kawaida ndani ya home, yaishe.

Wa Linux Mint, tangu toleo la 20 snapd, huduma inayoendesha snap, imezuiwa kwa faili la nosnap.pref, mtaliondoa kwanza. Fedora mnaweka snapd wenyewe, na kule kufungiwa kwa snap si kamili kama kwenye Ubuntu, kwa kuwa kwa ulinzi wa mfumo wanatumia SELinux badala ya AppArmor ya Ubuntu.

Na tuelewane: pass haina maana programu yako ni salama au inafanya kazi. Kikaguzi hakiiendeshi, kinasoma kilichomo tu. Kujaribu bado ni juu yako.

Mimi nakipendekeza bila wasiwasi kwa yeyote anayepeleka kazi Snap Store. Wa bando dogo, snap hutafuta masasisho mara 4 kwa siku. Andika sudo snap refresh --hold=72h review-tools, kitatulia siku 3. Ila siku ya kupakia toleo jipya, anza na sudo snap refresh review-tools, ukague kwa kanuni za sasa.