Uzoefu wangu wa kuuza nakshi kwenye masoko ya mtandaoni: pesa ipo, ila usije na haraka

Wale mnaoniuliza kama kweli mtu anaweza kukaa zake Mombasa akachora kitu kwenye laptopu halafu kikawa kinamuingizia dola hata akiwa amelala, jibu ni ndio, mimi zinaniingia. Lakini ile hadithi ya wauza kozi, eti unachora wiki moja halafu kazi yako inabaki kuhesabu pesa, naomba muitoe kichwani kwanza manake ndo inayofanya watu wengi wakate tamaa mapema na kuacha kitu kizuri njiani.

Mimi nauza vekta, yaani michoro ya kompyuta ambayo haipotezi ubora hata ukiikuza, hasa nakshi zile za kujirudia ambazo ukizipanga upande kwa upande huoni zinapoungana. Mtu anazinunua akatie kwenye kitambaa, karatasi ya kufungia zawadi, jalada la daftari, anajua mwenyewe, manake soko halikwambii nani kanunua wala anaenda kufanyia nini. Mchana natengeneza kadi za harusi na mabango kwenye duka la kuchapisha, hizi nakshi ni za usiku na wikendi.

Nianze na masoko yenyewe. Kwa vekta natumia Adobe Stock na Shutterstock, na faili moja unaweza kuiweka kote kuwili kwa sababu hawakulazimishi uuze kwao peke yao. Adobe Stock wanampa mchoraji asilimia 33, iwe picha au vekta, haijalishi umeanza jana au una miaka. Shutterstock wao tangu Juni 2020 wana ngazi, unaanza na asilimia 15, ukipita mauzo 100 unaenda 20, halafu 25, inapanda hivo hivo hadi 40 kwa wale wanaouza zaidi ya 25,000 kwa mwaka. Na kila tarehe 1 Januari ngazi zinafutwa, wote mnarudi asilimia 15, hata aliyekuwa juu kabisa. Mteja wa vifurushi vya mwezi akishusha faili yako unaweza kupata senti 10 tu za dola. Senti 10. Ndo maana nasema mtu asije hapa na deni la kulipa mwisho wa mwezi. Kinachobeba mambo ni wingi wa faili na muda, halafu siku moja moja anakuja mteja anataka leseni kubwa ya kutumia kazi yako kwenye bidhaa za kuuza, hapo unaona dola za maana zinaingia kwa mkupuo.

Redbubble nimeweka vitu vichache vya stika na tisheti. Hii ni kampuni ya Melbourne, Australia, iko tangu 2006, wewe unaleta mchoro wao wanachapisha na kutuma, wana bei yao ya msingi na juu yake unaweka faida yako, ukiacha ilivyo ni asilimia 20. Tangu 2023 akaunti za daraja la chini zinakatwa ada kwenye mapato, kwa hiyo ukiwa mgeni piga hesabu vizuri. Etsy, soko jingine la mtandaoni, nao watu wanaipenda kwa faili za kushusha, kuweka bidhaa moja ni senti 20 za dola kwa miezi minne na ikiuzwa wanachukua asilimia 6.5, ila kabla hujachora hata mstari mmoja angalia kwanza orodha yao ya nchi zinazoruhusiwa kupokea malipo, hiyo ndo hatua ya kwanza, si kutafuta jina la duka.

Sasa nije kwenye kitu chenyewe kilichonifanya niandike yote haya. Mwanzo nilikuwa naweka maua, mistari, maumbo ya duara, vitu ambavyo duniani kote vinachorwa na kila mtu, na vilikuwa vinauza kidogo kidogo. Mauzo yalianza kuchangamka nilipogeukia leso, yaani kanga. Sinakili leso ya mtu, hiyo hapana, leso za madukani zina wenyewe na mchoro una mwenyewe, nachora zangu kutoka mwanzo kwa kufuata utaratibu ule tuliokua nao: pindo linazunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yale maandishi, chini ya mji. Mamangu ndo mkaguzi wangu. Nilimuonyesha moja ambayo pindo nililiweka juu na chini tu, akaitazama akasema, "Mwanangu, hii ni shuka. Leso pindo lake huzunguka kama ua la nyumba." Akanielekeza pia kwenye korosho, ile nakshi ya korosho iliyopinda kichwa, kwamba zinapangwa kwa utaratibu na wala hazimwagwi ovyo, na kisutu, ile leso ya harusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, ukianza kutia zambarau hicho si kisutu tena.

Haya mambo yana thamani sokoni, na nalisema hili kwa moyo wote kwa vijana wa Pwani, Unguja, Pemba, kote. Saa hii masoko yamejaa picha za akili bandia. Adobe Stock wanazipokea tangu mwisho wa 2022 mradi uweke alama kwamba ni za akili bandia, Shutterstock hawazipokei kutoka kwa sisi tunaoweka kazi zetu kwao. Sasa nenda ukatafute nakshi za Afrika uone vile mashine inavyochora: kitambaa cha kente cha Ghana kimeshikana na kile cha bogolan cha Mali, katikati kuna mnyama, pembeni kuna ka pindo kameishia njiani. Mnunuzi anayeijua kanga, na wapo wengi tu, haridhiki na hiyo. Anatafuta ya mtu anayejua. Huyo mtu ni wewe uliyezaliwa ukabebwa kwenye leso.

Lakini kujua leso peke yake hakuuzi, lazima faili iwe safi. Nipeane mfano mmoja. Nakshi ya kujirudia unaichora ndani ya mraba, mimi natumia pikseli 4000 kwa 4000 manake Adobe wanataka angalau megapikseli 15, yaani pikseli milioni 15. Korosho ikikatwa na ukingo wa kulia, kipande kilichobaki lazima kitokee kushoto kwa urefu ule ule kabisa, ikipishana hata kidogo mteja akipanga miraba hiyo upande kwa upande anaona mchoro umevunjika kama ngazi. Halafu kuna ule mstari mweupe mwembamba kama unywele unaojitokeza kwenye maungio, unauona ukikuza sana, dawa yake ni kuvuta rangi ya nyuma ivuke ukingo kidogo badala ya kuikata pale pale. Maandishi yote yageuze kuwa maumbo, la sivyo mteja asiyekuwa na fonti yako atafungua faili akute jina la leso limekuwa kitu kingine. Mimi nachorea Inkscape ambayo ni ya bure na inatosha kabisa, hela ya kulipia programu za kila mwezi itakuja baadaye ukiona unaihitaji.

Na maneno ya kutafutia! Hapa ndo wengi wanaangukia, wanachora siku tatu halafu wanaandika maneno manne na kufunga laptopu. Shutterstock wanataka kuanzia maneno 7 hadi 50, Adobe mwisho ni 49 na yale 10 ya mwanzo ndo yenye uzito zaidi. Mteja aliyeko Toronto au Berlin hataandika "mji" wala "pindo", kwa hiyo kwa Kiingereza naweka kanga, kitambaa cha Afrika Mashariki, Swahili, korosho, pambo la pembeni, isiyo na mshono, nyekundu na nyeusi, harusi, na kadhalika. Neno kanga naliweka mbele siku zote hata kama sisi hapa twaita leso, manake kanga ndo linalojulikana huko nje. Usiweke neno lisilohusu ukidhani unavuta watu, mtu anayetafuta simba hatanunua korosho na faili yako inazidi kushuka chini kwenye matokeo.

Kuna mambo yaliyoniuma pia. Soko moja nisilolitaja lilikataa kundi zima la nakshi zangu kwa maelezo kwamba zinafanana mno, wakati tofauti ya rangi kwangu ilikuwa kubwa, kwa mtu wa leso nyekundu na buluu ni leso mbili. Siku hizi mchoro mmoja nautoa rangi mbili au tatu zenye nguvu, basi. Kingine, nimewahi kukuta nakshi yangu yenyewe, na kosa dogo la kona ambalo nalijua mimi, inauzwa kwenye duka la mtu mwingine kabisa. Iliniuma sana. Nilituma malalamiko ya hakimiliki kupitia fomu ya saiti husika, nikaambatanisha faili ya asili yenye tabaka zote, ikaondolewa. Kwa hiyo faili za asili zihifadhi, na tarehe zake, usiwahi kufuta.

Malipo sasa. Adobe Stock unaweza kuomba pesa ukifikisha dola 25 na ziwe zimepita siku 45 tangu uuze kwa mara ya kwanza, zinakuja PayPal au Payoneer, huduma za kupokea pesa mtandaoni. Kwa sisi wa Kenya PayPal inaunganishwa na M-Pesa tangu 2018 kwa hiyo pesa inashuka kwenye simu, ila kiwango cha kubadilisha dola kinakula kitu, ndo maana mimi naacha zijikusanye kwanza badala ya kutoa vidogo vidogo. Binamu yangu aliyeko Tanga yeye anatumia Payoneer kwenda benki. Halafu kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ijaze kwa jina lile lile la kitambulisho. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani kwa hiyo mauzo ya wateja wa Marekani yanakatwa asilimia 30, ya nchi nyingine hayaguswi. Ukiona pesa imepungua usidhani umeibiwa, ni hiyo.

Kwangu mimi hii kazi naipa saba kwa kumi. Inalipia intaneti ya nyumbani, inanunua gesi, miezi mingine inabaki ya kumpa mama, na kuna nakshi nilizochora zamani hata sikumbuki nilikuwa nafikiria nini ambazo bado zinashushwa. Alama tatu nimezitoa kwa sababu ya hizo senti 10 na ule ukungu wa kutojua kazi yako imeishia wapi. Sijaacha kazi ya dukani na simshauri mtu aache yake.

Saa hii niko kwenye seti ya Ramadhani na Idi, hilali, taa, na pindo za leso pembeni, nataka ziwe sokoni angalau miezi mitatu kabla manake wabunifu wa huko nje wananunua mapema, na faili ikichelewa inasubiri mwaka mzima mwingine. Mwenye swali la kujaza W-8BEN au la kutoa ule mstari mweupe aniulize, nitamjibu.