Mrejesho: nimepandisha ng'ombe wa nyama kwa mrija, milioni 1.4 imeenda, haya ndo niliyopata

Wadau salama. Mwaka jana kuna watu waliniuliza kuhusu huyu mtaalam wa uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa kwenye mrija) anaezunguka huku kwetu Handeni, nikawaambia subirini ng'ombe wazae kwanza ndo niongee, maana kusifia mimba ni kama kuhesabu magunia mahindi yakiwa bado yana mbelewele. Sasa wamezaa, ndama wapo zizini, naweza kusema. Jina lake siliweki hapa kwasababu sijamuomba ruhusa na pia kuna sehemu ntamsema kidogo.

Mi nafuga wa nyama tu, zebu, wale wa kienyeji wenye nundu, waliochanganyika na Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, majike 41 na dume moja. Mwaka juzi kwenye hao 41 nilipata ndama 19. Kumi na tisa! Yani zaidi ya nusu ya majike wamekula nyasi mwaka mzima, wameogeshwa, wamechanjwa, kijana kalipwa mshahara, na hakuna kitu. Nikawa kila ikifika mwezi wa nane nachagua majike "tasa" napeleka mnadani, nanunua wengine, mwaka unaofuata yale yale. Nimefanya hivo miaka mitatu bila kujiuliza swali hata moja, ntarudi hapo.

Mrija sio mara yangu ya kwanza pia. Kabla ya huyu alishakuja jamaa mwingine na pikipiki, akanipandishia 8, hakushika hata mmoja. Wakati ule nilidhani ndo bahati mbaya, saivi nikikumbuka alivyokuwa anafanya nachoka kabisa. Alitoa mrija kwenye mtungi, akaunyanyua juani asome maandishi, akaongea na simu kidogo, halafu akautumbukiza kwenye kikombe cha maji ya bomba. Mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ukizipandisha juu ya shingo ya mtungi kwa sekunde chache tu zimeanza kufa, na ye anasoma kama gazeti.

Huyu wa sasa siku ya kwanza hakuja na mtungi kabisa. Kaja na glavu ndefu zile za mpaka begani, daftari, chaki nyekundu na futi ya fundi cherehani. Nikamuuliza mbona hujabeba mbegu, akasema mzee leo sipandishi, leo nakagua, na ukaguzi unalipia 5,000 kila kichwa. Nikaona huyu mwizi wa aina mpya. Nilikuwa nimemtengea majike 24 ambao kwa hesabu zangu hawana kitu tumboni, tukawapitisha kwenye kibanio, ule uzio mwembamba wa kumbana ng'ombe, mmoja mmoja, mkono ndani, anasema "tupu", kijana anaandika. Wa sita akanyamaza, akazungusha mkono taratibu, akasema huyu ana mimba ya miezi mitatu na nusu. Mpaka tunamaliza wako watano wenye mimba, nadhani ni madume ya majirani huko malishoni. Sasa sikilizeni hapa kwa makini kwasababu ndo sehemu iliyonifanya nimuamini: ile sindano ya kuwaleta kwenye joto (hali ya jike kutaka dume) kwa pamoja ukimchoma ng'ombe mwenye mimba changa anaitupa. Angekuwa yule wa pikipiki angechoma wote 24, hela angechukua, na ndama watano wangeishia kichakani nisijue kitu. Hiyo 120,000 ya ukaguzi imejilipa siku ile ile.

Halafu akawakataa watatu wengine. Walikuwa wananyonyesha, wamekonda, ukisimama hatua kumi unazihesabu mbavu zote. Akasema kwenye alama za unene za 1 mpaka 5 hawa wako kwenye 2 na hawafiki, hata ukiwawekea mbegu ya dhahabu hawashiki, mwili unaona hauna akiba ya kulea mimba na kizazi kinakuwa kimelala. Nikabishana nae kwamba si ni masika, majani yapo, watanenepa. Akajibu watanenepa ndio lakini sio kwa wiki mbili, watenge, wape mashudu na pumba, na ndama wao wakubwa waachishe kunyonya, ndama akining'inia kwenye chuchu usiku na mchana mama yake anachelewa sana kurudi kwenye joto. Biashara aliiacha mezani, ng'ombe watatu mara 80,000 ya kupandisha kila mmoja.

Kuna mmoja pia hakumtaka, mtamba (jike ambae hajazaa bado) mzuri sana, mwekundu, nundu imesimama, alizaliwa pacha na dume. Kapima akasema kizazi chake kidogo kama cha ndama, jike anaezaliwa pacha na dume mara nyingi sana ni tasa toka tumboni kwasababu damu zao zinachanganyika kule ndani. Nikamwambia weka tu hela ni yangu. Uzuri wa mnyama ule jamani. Basi tukabaki na 16 na huyo mrembo akiwemo.

Nikadhani tumemaliza. Akauliza, dume liko wapi.

Dume langu kila mtu huku analijua, jeupe, shingo pana, likitembea majirani wanasimama. Akalipitisha kwenye kibanio akazungushia ile futi kwenye mfuko wa korodani akasoma sentimita 29. Akasema kwa Boran mkubwa wa umri huu angetaka zaidi ya 32, na korodani moja ilikuwa ngumu kuliko nyingine. Akauliza limewahi kuugua homa kali? Nikasema ndio, ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwezi wa pili, tukaliwahi na dawa likapona. Akaniambia mbegu za dume zinachukua kama miezi miwili toka kuanza kutengenezwa mpaka kukomaa, kwahiyo likipigwa homa kali leo linaweza kupanda kila siku miezi miwili mbele na likawa linapanda bure, na mengine hayarudi sawa tena. Halafu akauliza linahudumia majike wangapi, nikamwambia 41, akacheka. Dume moja la makamo ni majike 25 hivi, 30 likiwa na nguvu sana.

Miaka mitatu nauza majike wa watu wasio na kosa!! Kumbe tatizo ni bwana mkubwa mwenyewe na mimi nampigia picha.

Basi turudi kwenye huduma. Ratiba aliipanga ye mwenyewe na sababu yake naikubali: tupandishe mwanzoni mwa mwezi wa sita, masika imewashibisha, ngozi zinang'aa, halafu mimba ya ng'ombe ni siku 283 mpaka 290 hivi kwa hawa wetu, kwahiyo wanazaa katikati ya mwezi wa tatu mvua ndo inaanza na mama anapata majani ya kutoa maziwa. Mi nilikuwa naacha dume humo humo mwaka mzima, ndama mmoja anazaliwa mwezi wa tisa vumbi tupu, mwingine wa kumi na mbili, mnadani napeleka rangi rangi mnunuzi anachagua wakubwa wawili anaondoka.

Siku ya kwanza kaweka kile kiplastiki cha herufi T chenye homoni ukeni na sindano, kimekaa siku 7, siku ya kutoa kachoma sindano nyingine na kupaka ile chaki nyekundu nene juu ya shina la mkia. Kazi ya chaki ni kwamba ng'ombe akipandwa na wenzie inafutika, na hawa zebu wanakuwa na joto fupi, masaa kumi hivi wengine, na mara nyingi ni usiku, ukisubiri umuone kwa macho mchana utamkosa. Kijana wangu wa kimasai wala hakuhitaji chaki, asubuhi alimwambia mtaalam huyu, huyu na yule wamesimama kupandwa saa nane usiku, na kweli chaki zilikuwa zimefutika kwa hao hao. Wale ambao chaki ilibaki nzima aliwachoma sindano moja ya ziada wakati wa kupandisha.

Siku ya kupandisha ndo nilikaa karibu nimuangalie, maana yule wa kwanza kanifundisha. Kafungua mtungi akachovya kijiti cheusi ndani, akakitoa akakipunga hewani, barafu nyeupe ikashika kijiti, akapima na rula akanionyesha naitrojeni imefika wapi. Maji kwenye chupa ya chai yenye kipimajoto, nyuzi 36. Mrija anautoa kwa koleo ndefu bila kuunyanyua, moja kwa moja majini, anahesabu sekunde 40, anaufuta mkavu kabisa maana tone la maji likigusa mbegu zinakufa, anakata ncha, anaweka kwenye bunduki, yani ile fimbo ya kuingizia mbegu, halafu bunduki anaichomeka ndani ya shati kifuani isipoe wakati anatembea kwenda kwa ng'ombe. Hapo kwenye shati ndo nilisema huyu anajua kazi. Mmoja mmoja, hakuyeyusha mirija mitano kwa mpigo.

Sasa malalamiko. La kwanza, alisema anakuja saa 2 asubuhi kafika saa 6, simu haipatikani, ng'ombe wamefungiwa juani toka alfajiri wanahangaika. Huduma yenyewe inaenda kwa masaa toka kiplastiki kitoke, alafu wewe unachelewa manne. Akasema pikipiki ilipata pancha Mkata. Haya.

La pili, mbegu. Za Boran alikuwa nazo chache, akataka kunisukumia Simmental, wale wa kizungu wenye miili mikubwa, kwa wote, "ndama wanakuwa makubwa mzee, mnunuzi anagombania". Makubwa kweli, ila kwa mtamba wa zebu mwenye nyonga ndogo ndama mkubwa ni kumkata mama yake, na usiku huku daktari unampata wapi. Nilikataa, Simmental nikaruhusu kwa majike wanne tu walioshazaa mara tatu nne, waliobaki wote Boran, ikabidi asubirie mirija ya kuongezea kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River. Alitakiwa kuuliza kabla, sio kuja na alichonacho. Kwa ng'ombe wa maziwa mbegu zipo kila kona, sisi wa nyama bado tunapewa mabaki.

La tatu na hili ndo kubwa: hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa wa kutupa mimba kwenye kifurushi chake. Brusela. Unaweza kupandisha kitaalam mpaka basi, ng'ombe akashika, mwezi wa saba akatupa, kondo likabaki ndani, na ugonjwa wenyewe unaingia kwa binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika uchafu wa uzazi mikono mitupu. Nililipia kivyangu, nikamuita mtu wa wilayani, nashukuru wote walikuwa safi. Lakini mteja asiejua ataikosa hatua hiyo. Rekodi pia kaniandikia kwenye karatasi ya daftari, ningepoteza ile karatasi nisingejua ndama wa nani ni yupi.

Matokeo. Kwenye 16, walioshika kwa mrija ni 8. Kuna watu wataona ni kidogo, ila kupandisha kwa pamoja kwa saa iliyopangwa ukipata nusu umefanya vizuri, na mtu akikuahidi asilimia 90 mfukuze. Siku ya 14 nikaingiza dume jipya, kijana wa Boran nimemnunua nikiwa na futi yangu mwenyewe mfukoni, muuzaji akanishangaa, sentimita 34. Huyo akadaka wengine 5 waliorudia joto, na wawili kati ya wale watatu waliokataliwa kwa ukondefu nao wakashika baada ya mashudu, kwa dume. Nikamuacha miezi miwili nikamtoa. Watatu kwenye 16 hawakushika, wawili wazee na mrembo wangu mwekundu wa pacha, 80,000 yangu hiyo nimeila mwenyewe.

Wale 8 tuliwapandisha tarehe 8 mwezi wa sita, wamezaa wote kati ya tarehe 12 na 26 mwezi wa tatu. Ndama mmoja wa Simmental alikuja amekaa vibaya, mguu umerudi nyuma, kijana akasukuma akaurekebisha akatoka hai, ila mama yake alilala siku nzima. Saba wengine hatukuwagusa. Ukiwaona wamesimama pamoja wanalingana mgongo, sijawahi kuwa na kitu kama hicho zizini kwangu.

Nampa 7 kwa 10. Mkono wake mzuri, ukaguzi wake mzuri zaidi ya mkono, saa yake mbovu. Mwezi wa sita huu nimemuita tena, safari hii majike 20, nimeshawapima damu na mirija ya Boran nimemwambia niione kwenye mtungi kabla hajatoa glavu.

Dume jeupe nalo nililipeleka mnadani. Mzee mmoja wa Kilindi akalizunguka mara mbili, akalipiga kofi nundu, akaniuliza kijana mbona unauza mbegu nzuri hivi. Nikamwambia shikamoo mzee, hili ni la bucha tu. Hakuniamini, nadhani mpaka leo anadhani nilikuwa na shida ya ada.