Bone: nilikisoma mara mbili ndipo nikakielewa

Mara ya kwanza kitabu hiki nilikiacha njiani. Nilikuwa nakisomea kwenye treni ya asubuhi, nikirudi Oakland kutoka San Francisco ninakomtunza mzee zamu ya usiku, na kila nikifungua ukurasa hadithi imeshanipotea. Riwaya hii ya Fae Myenne Ng, iliyotoka 1993, ni ya familia ya Kichina ya San Francisco, na inakwenda kinyumenyume. Inaanza Leila akimtafuta baba yake wa kambo, Leon, amwambie kwamba ameolewa. Msiba tayari umepita: Ona, mdogo wake anayemfuata, amejiua. Kutoka hapo masimulizi yanarudi nyuma, na mara mtu anatajwa kana kwamba ulishatambulishwa kwake.

Mara ya pili nilikaa na daftari. Nikaandika: Leila, Ona, Nina kitinda mimba aliyehamia New York, Mah, mama yao, fundi cherehani, Leon, baharia. Mambo yakaanza kukaa sawa.

Leon ni mmoja wa wale walioitwa watoto wa karatasi, yaani watoto kwa makaratasi tu, si kwa damu. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina wasiingie Marekani. Kisha tetemeko na moto wa 1906 viliteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco, na wengi wakapata nafasi ya kusema walizaliwa hapo, kwa hiyo ni raia, na kwamba wana watoto wa kiume China wenye haki ya kuingia. Nafasi hizo za watoto zikauzwa kwa watu wengine. Leon alilipa dola 5,000, akamwahidi mzee Leong aliyempa jina kwamba mifupa yake itarudishwa China. Hakuirudisha. Ona alipokufa, Leon akaona ni ahadi ile inamdai.

Lakini pale panaponirudisha kila mara ni kwenye sanduku. Leon anataka mafao ya uzeeni, na ofisini majina na tarehe zake za kuzaliwa hazilingani. Leila analifungua sanduku lake kutafuta karatasi moja tu ya kumthibitisha. Anakuta barua za kukataliwa: jeshi limemkataa, kazi imemkataa, nyumba ya kupanga imemkataa. Zote amezitunza! Hapo nililia kwenye treni. Baba yangu, Tanga, ana bahasha ya kaki aliyoificha chini ya godoro, na cheti chake kinasema 1 Januari, tarehe aliyoandikiwa na karani, ilhali bibi alikumbuka tu kwamba ilikuwa masika. Sisi tuliohangaikia makaratasi huku tunajua uzito wa bahasha ile.

Kiingereza chake chepesi, sentensi fupi. Ugumu uko kwenye kunyamaza. Kwa nini Ona? Kuna mapenzi aliyokatazwa na biashara ya udobi iliyoharibika kati ya familia mbili, ila jibu kamili hulipati. Mwanzoni nilidhani ni upungufu wa mwandishi. Sasa naona waliobaki ndivyo wanavyoishi, wakirudi nyuma siku hadi siku kutafuta walipokosea. Nina ndiye ninayemdai mwandishi zaidi. Nilitamani kumsikia kwa kinywa chake.

Kama umefiwa hivi karibuni kwa njia kama ya Ona, subiri kwanza. Mwingine yeyote, soma, na usikate tamaa mapema. Nakala yangu nimemwazima dada mmoja wa kazini, na daftari langu nimelitia ndani.