Duka la pembejeo Mbalizi wanaopima udongo, hela yao ni halali kabisa

Wadau wa kilimo wa Mbeya, kuna duka la pembejeo hapa Mbalizi siku hizi wanapima udongo, mimi nimewapelekea wa mashamba yangu mawili, moja liko Tukuyu lingine Igurusi, na kwa kweli hii huduma naikubali sana hasa kwa wale mnaonunua mbolea kwa kufuata jirani kanunua nini.

Kwanza hawapokei udongo wa kuokoteza. Wanakuelekeza uchimbe sehemu 15 mpaka 20 ukipita shambani kwa zigizaga, kina cha sentimita 20 hivi, uchanganye vizuri kwenye ndoo ya plastiki, halafu upunguze ubaki na nusu kilo na uanike kivulini. Ndoo ya bati hawataki kabisa maana ile zinki inaingia kwenye udongo na majibu yanaharibika. Sehemu uliyochomea takataka au ulipolaza ng'ombe unaruka.

Kilichonifurahisha ni yule dada mtaalamu, kabla ya mashine alichukua udongo kidogo akaulowesha akauviringisha kiganjani mbele yangu. Wa Igurusi ukatoa kamba nyembamba, akaikunja ikawa pete na haikupasuka, akasema huu mfinyanzi haswa, maji yanakaa ndio maana mpunga unapenda, ila parachichi usithubutu mizizi itakosa hewa ioze. Wa Tukuyu sasa, ukiwa mkavu ni mweusi mwepesi ungesema kichanga, lakini ukiloa unateleza vidoleni kama sabuni! Ni udongo wa majivu ya volkano, unapitisha maji ya ziada na bado unabaki na unyevu, parachichi na migomba pale ni kwao.

Lakini nao una tabia yake na hapa ndipo niliona thamani ya hela yangu. Huu udongo wa volkano unaing'ang'ania fosfo, kile kirutubisho cha mmea, yaani unamwaga mbolea ya kupandia ya DAP ambayo fosfo yake imeandikwa 46 kwenye mfuko, sehemu kubwa inakamatwa na udongo na mahindi yanabaki na majani ya zambarau utadhani hukuweka kitu. Dada akashauri mbolea ya kupandia isirushwe ovyo, iwekwe kwenye shimo karibu na mbegu ila isigusane nayo, na samadi iwe nyingi. Halafu pH, yaani kipimo cha tindikali ambapo 7 ni katikati na chini ya hapo ni tindikali, ya Tukuyu ilitoka 5.2 kwa hiyo kuna tindikali, mvua za kule zinaosha kalsiamu inashuka chini, akaniandikia chokaa kwa ajili ya maharage na mahindi, na akaonya kwenye viazi niende taratibu maana chokaa ikizidi viazi vinatoka na ukurutu. Wenye chai wao wala wasihangaike, chai inaipenda hiyo hiyo tindikali.

Igurusi hakuniuzia chokaa ingawa angeweza, alisema shamba la mpunga likishajaa maji pH yenyewe inapanda kuelekea 7. Duka linalokwambia usinunue kitu mimi naliheshimu sana.

Mapungufu yapo. Majibu yanachelewa, ukisubiri mvua zianze ndio upeleke utapanda bila majibu na chokaa nayo inataka iingie ardhini miezi miwili mitatu kabla. Karatasi ya majibu yote kiingereza, mzee wa kijijini ataisoma vipi? Muwaandikie kiswahili jamani, watu wanalipia. Na bei ni kwa kila sampuli, kwa hiyo kama shamba lako lina mteremko juu mwekundu na bondeni mweusi jiandae kulipa mbili, usichanganye ili ubane hela, utapata jibu la udongo ambao haupo popote shambani kwako.

Nendeni mwezi wa nane au wa tisa kukiwa hakuna foleni, na mkifika ombeni kabisa wawaeleze majibu kwa mdomo, yule dada hana haraka na mtu.