Waimbaji wa gitaa na ilimba kwa barabara ya Kusini: nani apande, nani abaki

Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na nyimbo zinazovuma hazitoshi kuimaliza njia hiyo. Za Harmonize, mtoto wa Mtwara, utazisikia stendi na ndani ya basi bila kuziomba. Hapa tunazungumzia watunzi wanaoimba maneno yao wenyewe kwa gitaa, ilimba (sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole) au ngoma, wengi kwa lugha za kwao. Kipimo chetu ni kimoja: gari likiwa kwenye themanini na vioo vimeshushwa, je, maneno bado yanasikika?

Kwa kipimo hicho namba moja inakwenda ng'ambo ya Ruvuma. Massukos ni kundi la Feliciano dos Santos wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na lugha zao ni pamoja na Kiyao na Kinyanja, kwa hiyo abiria wa Masasi au Tunduru hahitaji mkalimani. Santos alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2008 kwa kupeleka maji safi na vyoo vijijini, na nyimbo ndizo alizotumia kuwashawishi watu: naweni mikono, chimbeni choo. Usidhani ni matangazo ya zahanati. Ni muziki wa kucheza hasa, na mwimbaji amewekwa mbele ya vyombo, ndiyo maana mngurumo wa injini haummezi. Anza na albamu yao ya Bumping.

Ukitoka Mtwara, ukifika Mnazi Mmoja ya Lindi ukakata kushoto kwenda Masasi, weka Eyuphuro. Kundi hili la Nampula lilianzishwa mwaka 1981, na sauti yake kubwa ilikuwa ya Zena Bacar, mzaliwa wa mkoa huohuo wa Nampula, aliyefariki mwaka 2017. Aliimba Kimakua. Cha kwao kinatofautiana na cha Masasi, lakini mzee aliyekaa kiti cha nyuma atashika mengi na kuanza kuwatafsiria wengine, na hapo safari inachangamka. Albamu ni Mama Mosambiki ya mwaka 1990. Imerekodiwa vizuri, hata spika ndogo za gari dogo zinaitendea haki.

Hukwe Zawose ndiye fundi kuliko wote waliotajwa hapa, na ndiye mgumu kuliko wote kumsikiliza garini. Mgogo huyu, aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba yenye vijiti vingi vya chuma, na vingine havidonolewi kabisa; vinaitikia vyenyewe jirani zao wakipigwa. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate mkwaruzo. Asiyejua atasema spika imepasuka na kuanza kugongagonga mlango. Spika ni nzima, mkwaruzo ule umekusudiwa. Punguza besi, pandisha sauti ya kati, funga vioo. Albamu ya Chibite (1996) ivizie kipande chenye lami nzuri. Kwenye viraka na matuta utapoteza nusu ya kazi yake.

Vitali Maembe wa Bagamoyo anafaa popote: gitaa, Kiswahili kilichonyooka, hoja za rushwa na uongozi. Saida Karoli na Kihaya chake ni wa saa nane mchana, dereva anapoanza kusinzia baada ya ubwabwa wa Nangurukuru. (Usingizi wenyewe dawa yake ni kusimama, si wimbo.) Mrisho Mpoto wa Songea, mghani wa mashairi, anataka sikio lote, kwa hiyo mbili kwa mpigo zinatosha, tena gari likiwa kimya.

Sasa flashi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Usitegemee bando, mtandao hukatika kati ya kijiji na kijiji na wimbo hukatikia katikati. Pakua kabla. MP3 ya kbps 192 hula kama MB 1.4 kwa dakika, hivyo saa nane za muziki hazifiki hata GB 1. Nunua flashi ya GB 16 au 32 na uifomati kwa mfumo wa FAT32. Zile za GB 64 mara nyingi huja na exFAT, na redio nyingi za gari zitakuandikia kwamba hakuna kitu ndani. Mafaili ya FLAC na M4A nayo hurukwa na redio nyingi za bei ya chini. Majina yaanze na 01, 02, 03, la sivyo 10 itapigwa kabla ya 2.

Jambo la mwisho ni usawa wa sauti. Rekodi za ilimba huwa chini, za kisasa ziko juu. Ukipandisha kwa ajili ya Zawose kisha ukaingia wimbo mpya, mtoto aliyelala ataamka akilia. Pitisha mafaili yote kwenye MP3Gain, programu ya kompyuta ya kusawazisha sauti, kwa desibeli 89, na Zawose apewe folda yake peke yake.